Blowa ya bei chee au ya bei mbaya? Maswali ambayo sisi mafundi tunaulizwa kila siku

Nafunga na kutengeneza blowa hapa Dar. Wateja wangu wengi ni wafugaji wa samaki wa matanki, mahoteli na maghorofa yenye mtambo wa maji taka, na wenye karakana za mbao wanaovuta vumbi. Maswali ni yale yale, simu ni zile zile, mpaka nyingine zinaingia usiku wa saa tano, kwahiyo nimeamua kuyaandika yote sehemu moja. Bei ninazotaja humu ni za mfano wa hesabu tu, wewe weka za kwako. Umeme nimeupigia shilingi 350 kwa yuniti ili hesabu iwe nyepesi.

## Mambo ya mwanzo

1. Blowa ni nini hasa, si feni tu hiyo?

Hapana. Feni inasukuma hewa nyingi kwa presha ndogo, kompresa inabana hewa kidogo kwa presha kubwa, blowa iko katikati yao. Kazi yake kubwa huku kwetu ni kupeleka hewa mpaka chini ya maji, na maji nayo yanasukuma kurudisha. Kila mita moja ya kina inadai presha ya karibu milibari 100. Tanki la samaki la mita 1.2 linadai 120, alafu ongeza ya mabomba, kona, valvu na mawe ya hewa, tuseme 50, jumla 170. Hiyo 170 ishike kichwani, tutairudia.

2. Fundi, mimi nimeuliza bei ya mashine, mbona unaniletea habari za umeme?

Kwa sababu bei ya mashine unalipa mara moja ila umeme unalipa mpaka siku unaitoa pale ilipo. Chukua blowa ya shilingi 3,200,000 inayokula kilowati 7.2, ikawa inawaka masaa 24. Kwa siku ni yuniti 172.8, sawa na 60,480. Gawanya: siku ya 53 umeme uliokula umeshafika bei ya mashine yenyewe. Siku 53! Yaani hata miezi miwili haijaisha, bado unawaonyesha wageni "blowa mpya ile pale", kumbe umeshainunua mara ya pili na pesa imeenda kwenye luku. Kwa mwaka ni 22,075,200.

Watu wakiona hii hesabu wanadhani nawatisha ili niwauzie ghali. Sasa soma swali la 6 uone kama nawatisha.

3. Nitajuaje blowa yangu inakula kilowati ngapi kweli, niangalie kwenye kibati?

Kibati cha mota kinakwambia mota inaweza kutoa nguvu kiasi gani kwenye shafti, hakikwambii sasa hivi inavuta ngapi kutoka kwenye waya. Mota ya 7.5 inaweza kuwa inavuta 5 au inavuta 8.5, inategemea imebebeshwa mzigo gani.

Njia nzuri ni klampu mita. Kamata waya mmoja wa fezi blowa ikiwa kazini, soma ampea, zidisha kwa volti za kati ya fezi na fezi, zidisha kwa 1.732, zidisha kwa pawa fakta (kama huijui weka 0.85), alafu gawanya kwa 1,000. Juzi nilikuwa na ya 400 × 12.2 × 1.732 × 0.85, ikaja 7.2. Kamata fezi zote tatu moja moja, ukikuta moja imepishana sana na wenzake kuna tatizo lingine hapo na usiondoke kabla hujalijua.

Huna klampu mita? Zima kila kitu kwenye mita hiyo, friji, taa, pampu, acha blowa peke yake. Andika yuniti zilizobaki kwenye luku, kanywe chai, rudi baada ya saa moja kamili usome tena. Zilizopungua ndo kilowati zako. Njia ya kizamani ila haidanganyi.

## Hesabu yenyewe

4. Nipe hesabu ya kulinganisha mbili, rahisi, bila mambo ya chuo.

Haya. Blowa A ni 3,200,000 inakula 7.2, blowa B ni 6,500,000 inakula 5.6. Zote zinatoa hewa sawa kwa presha ile ile, hapo ndo pa kuwa mkali, angalia swali la 7.

Tofauti ya bei ni 3,300,000. Tofauti ya ulaji ni kilowati 1.6, kwahiyo kila saa inayowaka B inakuokolea 560. Gawanya 3,300,000 kwa 560 unapata masaa 5,893 hivi. Hayo ndo masaa ya kurudisha nyongeza uliyotoa.

Sasa jiulize, masaa 5,893 kwako ni muda gani? Anayewasha usiku na mchana ni siku 245, miezi minane. Baada ya hapo anaingiza kama 4,900,000 kila mwaka ambayo wa blowa A anawapa TANESCO. Ukielewa hii moja nyingine zote ni mapambo, maana kinachoamua ni masaa, mashine inafuata.

5. Hiyo 3,300,000 ya juu sina, nikikopa inalipa?

Kwa mtu wa masaa 24 ndio. Tuseme riba ni asilimia 18 kwa mwaka, kwenye 3,300,000 ni 594,000. Umeme unaookoa ni 4,900,000. Riba inalipwa na chenji inabaki. Ila usikope ukiwa bado hujajua kama mradi wenyewe utasimama, nimeona matanki mazuri kabisa yamegeuzwa ya kuvunia maji ya mvua na B imekaa stoo na karatasi zake.

6. Kwahiyo ya bei rahisi siku zote ni hasara?

Nani kasema? Seremala anayewasha masaa matatu kwa siku, siku sita kwa wiki, anafika masaa 936 kwa mwaka. Kwa hesabu ya swali la 4 nyongeza yake itarudi baada ya miaka sita na kitu, na hapo kati karakana inaweza kuhama, mwenye nyumba anaweza kumpandishia kodi, lolote. Huyo namwambia chukua A, hela iliyobaki nunua msumeno. Blowa ya akiba nayo hivyo hivyo, ile ya kukaa inasubiri nyingine ife, nunua ya kawaida tu ila hakikisha inawaka.

## Kununua

7. Duka moja wana ya kilowati 4 inayotoa hewa kuliko ya kilowati 5.5 ya duka lingine, na ni nusu bei. Mbona fundi unaikataa?

Kwa sababu umesoma namba ambayo hutaiona maishani. Hizi blowa za pete, zile za duara kama konokono la alumini, kwenye boksi wanaandika namba mbili: hewa ya juu kabisa na presha ya juu kabisa. Mnunuzi anasoma zote mbili kama vile anazipata pamoja. Hapana! Hewa ya juu ni pale mdomo uko wazi hakuna kitu mbele. Presha ya juu ni pale umeziba na hewa haitoki. Wewe uko katikati, kwenye ile 170 yetu, na pale katikati ndo mashine mbili zinazofanana kwenye boksi zinaachana kabisa.

Kwahiyo swali la dukani ni moja: "kwenye milibari 170 inatoa mita za ujazo ngapi kwa saa, na inavuta kilowati ngapi?" Muuzaji anayeijua kazi yake atatoa karatasi ya mchoro, mstari unashuka kutoka kushoto kwenda kulia, ataweka kidole kwenye 170 na kukusomea. Asiyejua atakwambia "boss hii ina nguvu sana". Hapo aga vizuri uondoke.

Na muulize tena hizo kilowati ni za kwenye shafti au za kwenye waya, maana unayolipa wewe ni ya kwenye waya.

8. Kuna pete, Roots, skrubu na tabo. Nichukue ipi?

Kwa wengi wenu ni mbili za kwanza.

Ya pete ni rahisi, haina mkanda wala oili, kimya kiasi, inafaa matanki mafupi. Udhaifu wake ni kwamba presha ikipanda inakula zaidi na inachemka, mita moja na nusu ya maji kwenda chini naanza kuiogopa.

Roots ndo ile yenye lobu mbili (vipande vya chuma vinavyosukuma hewa) zinazozungukiana ndani ya boksi la chuma. Imepewa jina la ndugu wawili, Philander na Francis Roots, wa Connersville kule Indiana, Marekani, miaka ya 1860, na mpaka leo wazo ni lile lile. Ina kelele kama trekta, weka sailensa na kijumba, ila fundi yeyote mwenye akili anaifungua na kuifunga. Uzuri wake haibani hewa ndani, presha inakuja kutoka kwenye maji yako, kwahiyo maji yakiwa mafupi inakula kidogo.

Skrubu inabana hewa ndani kabla ya kuitoa, na kwenye mtambo wa maji marefu, mita nne au tano, inaishinda Roots kwa umeme. Kwenye tanki la mita moja unalipia ubanaji usiouhitaji.

Tabo inazunguka zaidi ya mara 20,000 kwa dakika, shafti inaelea juu ya hewa au sumaku, umeme inakula kidogo kweli. Ni ya mitambo mikubwa ya miji na viwanda. Bodi yake ikiungua utasubiri mtu na laptop kutoka nje ya nchi, na hizo wiki za kusubiri nazo ni gharama, ziweke kwenye hesabu.

9. IE1, IE3 kwenye kibati ni kitu gani, na inafaa kulipia?

Ni daraja la mota, namba kubwa inapoteza umeme kidogo. Mota ya kilowati 7.5 ya poli nne ya IE1 ina ufanisi wa asilimia 86.0, ya IE3 ni 90.4. Inaonekana kidogo eeh? Ikiwa na mzigo kamili ya kwanza inavuta 8.72 na ya pili 8.30. Kwa masaa 24 mwaka mzima hizo pointi ni kama 1,300,000. Kwa seremala wetu wa swali la 6 ni laki moja na kitu tu.

Kingine, mota iliyosukwa upya na fundi aliyechoma stata (ile sehemu isiyozunguka yenye waya) kwa moto mkali ili waya za zamani zitoke haraka, hairudi kuwa ile ya mwanzo. Inaweza kupoteza asilimia moja mpaka mbili, ikisukwa tena inapoteza tena. Kusuka ni sawa kwa mota ya masaa machache, ya usiku na mchana piga hesabu kwanza.

10. Nikifunga invata (kifaa cha kubadilisha mwendo wa mota) umeme utapungua kwa nusu kama wanavyosema?

Kwenye feni ya mapanga, inawezekana. Ukishusha mwendo mpaka asilimia 80 ulaji unashuka mpaka karibu asilimia 51, kwa sababu nguvu inafuata mwendo ukizidishwa kwa wenyewe mara tatu, 0.8 × 0.8 × 0.8. Hiyo ndo hesabu wanayokuonyesha dukani.

Ila Roots kwenye tanki haifuati hiyo. Kina cha maji hakibadiliki, presha iko pale pale, ukishusha mwendo asilimia 80 ulaji nao unakuwa asilimia 80 hivi na hewa asilimia 80. Bado ni faida kama hewa ilikuwa imezidi, ila siyo nusu. Na usiishushe sana, Roots ikienda polepole hewa inarudi nyuma kwenye mianya na mashine inachemka. Invata yenyewe inakula asilimia kama tatu, kama unahitaji mwendo mmoja milele badilisha puli tu, ni bei ya chakula cha mchana.

Na tafadhali usipunguze hewa ya Roots kwa kufunga valvu. Haijui kupungua, itaongeza presha mpaka valvu ya usalama ipige kelele au mota iungue.

## Ikishawaka

11. Blowa ni ile ile, kazi ni ile ile, mbona bili imepanda?

Presha imepanda na hujui. Nilienda hoteli moja Unguja, walikuwa wameshaomba bei ya blowa mpya. Nafungua kifuniko cha filta nakuta vumbi, manyoya ya kunguru na utando wa buibui vimegandana kama kitambaa, unaweza kukikunja. Ampea zilikuwa 21. Tulivyobadilisha filta zikashuka, tukatoa difyuza (vile vitoa mapovu vya chini ya maji) kwenye tanki zimejaa utelezi mweusi, tukazisugua, jioni tukasoma 17. Blowa mpya ya nini tena?

Kwenye Roots ulaji unafuata presha karibu moja kwa moja, filta chafu ikiongeza milibari 20 juu ya 170 yetu umeongeza zaidi ya asilimia 10 ya bili. Funga geji ya presha ya bei ndogo pale inapotokea hewa, andika kwa makapeni ukutani siku ya kwanza ilisoma ngapi, ikipanda unajua difyuza au mabomba yanaziba. Filta iko upande wa kuvuta, geji hiyo haiioni, ifungue uiangalie kwa macho. Mkanda uliolegea nao unateleza na kutoa joto badala ya hewa. Na chumba cha blowa kikiwa na joto la nyuzi 35 badala ya 20, hewa halisi inayoingia inapungua asilimia 5, kwahiyo vuta hewa kutoka nje, kivulini.

12. Nimebana matumizi kwenye mabomba, kuna shida?

Kubwa. Hewa ile ile ikipita bomba la inchi moja na nusu badala ya inchi mbili, upotevu wa presha ni zaidi ya mara nne. Kwa mita thelathini za bomba na kona saba umejiongezea kina cha maji ambacho hakipo. Inchi mbili inaongeza bei mara moja, nyembamba inakukata kila saa. Hapa ndo pa kumwaga hela kwanza kabla hata ya kuwaza daraja la mota. Ila bomba la plastiki lisianzie mdomoni mwa Roots, anza na chuma mita kadhaa, hewa inatoka ya moto.

13. Spea je?

Beringi na mkanda za saizi ya kawaida utazikuta Gerezani siku hiyo hiyo, Nairobi watu wanaenda Kirinyaga Road. Kabla hujanunua mashine muombe muuzaji namba za beringi, nenda kaziulizie mwenyewe. Zikiwa za saizi ya ajabu inayoagizwa, hiyo bei rahisi ina mkia.

## Kesi za pembeni

14. Nimepata mtumba kutoka Japani, nzito, chuma kitupu, bei ya kutupa.

Soma kibati. Japani umeme wao wa fezi tatu ni volti 200, ukiunga kwenye 400 yetu utanusa moshi kabla hujaona hewa, kwahiyo weka bei ya transfoma. Alafu upande wa magharibi wa nchi yao ni hezi 60. Ikija kwenye hezi 50 zetu inazunguka asilimia 83, hewa inapungua hivyo hivyo, na kama ni ya pete au mapanga presha inashuka mpaka asilimia 69 hivi. Ile iliyokuwa ikifika chini ya tanki inaweza isifike. Roots itafika ila na hewa pungufu.

15. Niko Mbeya, rafiki yangu wa Bagamoyo ana matanki kama yangu na blowa kama yangu, mbona samaki wangu wanapanda juu kuhema?

Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya bahari, presha ya hewa ni ndogo karibu asilimia 18 kuliko pwani. Blowa inasukuma ujazo ule ule ila ndani yake oksijeni ni chache, na maji yenyewe yanashika oksijeni pungufu. Iringa, Nairobi, wote mko kwenye boti moja. Namba za katalogi ni za usawa wa bahari, ongeza hewa kabla hujanunua.

16. Bei ya yuniti yangu siyo 350, na kuna kVA kwenye bili. Hesabu inabadilikaje?

Ukizidi wastani wa yuniti 7,500 kwa mwezi TANESCO wanakutoa T1 (kundi la watumiaji wa kawaida) wanakuweka T2 (la watumiaji wakubwa), yuniti inakuwa nafuu ila unalipia na kVA ya juu (kilele cha mzigo wa umeme) uliyofika mwezi huo. Kenya Power nao wateja wakubwa wanalipa kVA. Hapo mota yenye pawa fakta mbovu inakuumiza mara mbili, weka kapasita. Hesabu ya swali la 4 ifanye kwa bei yako ya yuniti, alafu ongeza kVA iliyookolewa kila mwezi.

17. Umeme ukikatika nafanyaje, jenereta inaharibu hesabu yote?

Haiharibu, inaikaza. Lita moja ya dizeli inatoa yuniti kama 3, lita ikiwa 3,000 basi yuniti ni 1,000. Kila kilowati uliyookoa kwenye blowa inaokoa karibu mara tatu zaidi ikiwa kwenye jenereta. Pia mota ikiwashwa moja kwa moja inavuta ampea mara sita au saba kwa sekunde chache, ndo maana blowa kubwa inakulazimisha jenereta kubwa. Sta-delta (kiwashio cha mota cha hatua mbili) inapunguza hiyo, invata inapunguza zaidi.

18. Moja kubwa au mbili ndogo?

Kwenye samaki sijadili, mbili. Matanki yakiwa yamejaa, blowa ikizima saa nane usiku dakika thelathini ni nyingi sana. Moja kubwa inakula nafuu kidogo kwa kila mita ya hewa na ni rahisi kufunga, ila jibu hilo liko kwenye karatasi. Kuna jamaa nilimfungia moja kubwa kwa kung'ang'ania kwake, nzuri kabisa, mota ya IE3, bomba la inchi tatu, hesabu zote safi, beringi ikashika Jumapili. Siku hizi ana mbili, ya pili ni ya bei chee, anaiwasha kila Ijumaa nusu saa ili isigande.